Jina Lililokwaruzwa Ndani ya Gitaa

Rael Bhoke hakuwa mtu wa kutulia. Katika kibanda chake cha kutengeneza redio mjini Migori, magitaa saba ya umeme yalining'inia ukutani, yote makuukuu, yote ya Japani, ya enzi ambazo kila bendi ya muziki wa benga ilitamani kuwa na moja. Mteja akisoma jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa, Rael alicheka. Kiwanda kimoja kiliunda, wauzaji kumi wakabandika majina yao. Yeye alifungua skrubu nne za nyuma, akang'oa shingo, akachungulia mbao, nyaya na swichi. Humo ndimo alimosoma ukweli.

Mwezi wa tatu aliwatengenezea spika watu wa kanisa moja la Oyugis, nao wakampa gitaa jekundu lililokuwa likioza stoo. Alipong'oa shingo alikuta maneno yaliyokwaruzwa kwa msumari: Gordon Ochola, Sori, 1974.

Tangu siku hiyo jina hilo likamganda kichwani, kazi ikamshinda. Alianza redio hii, akaiacha, akashika ile. Mumewe, Zablon, alivumilia wiki mbili.

"Mama Liz, hebu nenda huko Sori. Utatutia wazimu sisi wote."

Akaenda. Huko ufuoni mwa ziwa alielekezwa kwa mzee mrefu aliyekuwa akianika omena, wale dagaa wa ziwani, pamoja na mkewe, Phelesia. Rael aliwaamkia, akafungua mfuko. Mzee alitazama mara moja tu, akageuza uso.

"Hiyo si yangu."

"Jina lako liko ndani, mzee."

Phelesia akaweka ungo chini. "Gordon, si uliniambia uliichoma siku ile tulipookoka?"

Rael alitamani kurudisha gitaa mfukoni akimbie. Mzee alizichambua omena ambazo hazikuhitaji kuchambuliwa.

"Nilichoma spika," akasema hatimaye. "Hii nilimwachia binamu yangu Oyugis. Mikono ilikataa kuitupa motoni."

"Na mimi miaka yote hii nakuona ukinyamaza jioni, najilaumu kwamba nilikulazimisha!" Phelesia akafuta mikono kwa leso. "Ishike basi. Piga."

Vidole vilikuwa vigumu. Bila umeme, gitaa lilitoa sauti nyembamba kama ya mdudu, hata Phelesia akasogeza kigoda karibu ili asikie. Mzee alikosea, akarudia, akakosea tena. Hakuna aliyemkatiza.

Rael aliliacha pale. Njiani moyo ulimchoma, maana hakuwa amejua ni kiwanda gani kilicholiunda. Swichi zake hazikufanana na za gitaa lolote alilowahi kufungua. Kabla hajafika Migori alikuwa ameshampigia simu fundi mmoja wa Homa Bay, aliyesemekana kuwa na gitaa kama lile, ila la kijani.

"Usiguse skrubu hata moja," akamwambia. "Kesho asubuhi niko hapo."