Vipimo Viwili Ndani ya Koti la Mume Wangu

Ndugu wasomaji wa ukurasa huu, mimi ni mama wa miaka kumi na tisa, naishi hapa Malaba upande wa Kenya. Shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo mkiona makosa mnivumilie. Nashukuru jina langu halitaandikwa, maana gazeti hili hata majirani wasiojua kusoma husomewa.

Mume wangu ni taniboi, msaidizi wa dereva kwenye lori la kati ya Mombasa na Kampala. Namwona lori likisimama forodhani. Mara analala nyumbani, mara ananipungia mkono tu akiwa juu ya turubai. Mtoto wetu wa kwanza, aliyezaliwa baada ya Uhuru, alipoanza kushika ukuta na kusimama, nilimpima mguu kwa uzi wa mkonge. Nikafunga fundo moja kwenye kisigino na lingine kwenye kidole gumba, nikampa baba yake. “Nunua viatu vya kufunga, visichomoke.” Mama mkwe alicheka mpaka akakohoa. “Mimi nimezaa tisa, hakuna aliyevaa kiatu, na wote walitembea. Huyu wako anaenda ofisi gani?”

Nilingoja. Kila lori likifika natoka na mtoto mgongoni. “Safari hii haikuwezekana, mama,” ndilo lilikuwa jibu la baba yake.

Wiki iliyopita akashuka na viatu vyeupe vimefungwa kwa gazeti. “Leo mwanangu ni Bwana DC!” Jamani, nilinusa ile ngozi mpya, machozi yakanitoka. Lakini mguu haukuingia. Akasukuma, vidole vikajikunja, mtoto akalia. “Unamlisha nini huyu?” akaniuliza akicheka. “Mguu umekua mbio.” Dereva akapiga honi. Akaniachia koti nifue, akaondoka.

Ndani ya mfuko wa koti nilikuta uzi wangu wa mkonge. Pamoja nao kulikuwa na utepe wa kitambaa cha busuti, zile nguo za akina mama wa Uganda, umetiwa mshono mahali pa kisigino na mahali pa kidole. Nikapima. Uzi wangu bado ulilingana na mguu wa mwanangu, lakini kwenye kiatu fundo lilibaki nje. Ule utepe ukalala ndani ya kiatu sawasawa.

Nilipomwonyesha, mama mkwe hakucheka tena. “Labda ni wa mtoto wa dereva,” akasema, lakini hakunitazama.

Nataka sana iwe hivyo. Nimechoka kufikiri. Nikifua nafikiri, nikisonga ugali nafikiri. Hata simchukii mwenye utepe. Mishono yake ni midogo, imenyooka; huyo ni mama anayempenda mtoto wake. Pengine vile vilivyonunuliwa kwa uzi wangu viko kwake, vinampwaya mtoto wake, naye ameambiwa atakua tu.

Mume wangu hanipigi, na mtoto akisikia sauti yake huinua mikono. Lori litarudi siku mbili tatu hizi. Koti limekauka, vipimo vyote viwili nimevirudisha mfukoni. Nishaurini, dada zangu na mama zangu: ninyamaze nimwombe viatu vingine, au nimpe hivi vyeupe nimwambie, “Baba, vipeleke kwa mwenyewe, uniletee vya mtoto wetu”? Mnijibu mapema, tafadhali. Jana mtoto aliachia ukuta, akapiga hatua moja.