Muuza Boriti Chini ya Dari ya Simiti

Harufu ya simiti mbichi huingia ndani hata dirisha likifungwa. Hapa Lawrence Heights, mtaa ninaoishi jijini Toronto, nyumba za zamani zinabomolewa na mpya zinajengwa, na tangu theluji iyeyuke magari ya zege hupita mbele ya jengo letu kuanzia asubuhi. Juzi nilikuwa nimekaa na tasbihi baada ya Sala ya Alasiri, harufu ile ikanifikia, ya unyevu na chokaa. Mjukuu wangu Nuru, ambaye Kiswahili anakielewa chote na hujibu kwa Kiingereza, aliniona nimenyamaza akauliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nimekwenda Dubai mara moja, narudi. Akacheka, akarudi kwenye simu yake.

Dubai niliyokwenda siyo ile anayoiona yeye kwenye simu hiyo. Yangu ilikuwa mji mdogo wa biashara kando ya hori, mkono mwembamba wa bahari ulioukata mji katikati. Sisi tulikaa upande wa Deira. Kwenda upande wa pili ulivushwa kwa mashua ya makasia. Maji ya kunywa yaliletwa na punda. Nyumba za wenye uwezo zilikuwa na minara ya kunasa upepo na kuushusha vyumbani, na sisi watoto tulipenda kusimama chini ya mnara wa jirani midomo wazi, kama makinda, tukiunywa ule upepo.

Baba yangu, Bwana Shee, alikuwa mtu wa Lamu. Aliufuata mti hadi kule akabaki. Mti wenyewe ni boriti za mikoko, maana huko Ghuba hakuoti mti wa kubeba dari, na kila nyumba ya mawe ilisimamisha dari yake kwa miti iliyotoka kwetu Afrika. Boriti za Baba zilirundikwa ufukoni nyuma ya nyumba. Alikuwa akiigonga kila moja kwa kifundo cha kidole, anatega sikio, kisha anasema, "Hii nzima," au anaiweka kando bila neno. Watu walijenga kwa neno lake.

Boriti haizidi dhiraa sita au saba, kama hatua nne za mtu mzima. Kwa hiyo hakuna chumba Dubai kilichozidi upana huo. Kinaweza kuwa kirefu utakavyo, lakini upana ni ule ule, cha tajiri na cha maskini. Mimi, Mungu anisamehe, niliamini kwamba huo ndio upana ambao Mola ameuandikia kila chumba duniani, kama alivyoandika vidole vitano kwenye kila mkono.

Ndipo simiti ikaja. Aliyeileta mtaani kwetu alikuwa Yakubu, rafiki ya Baba, aliyewahi kufanya biashara Mombasa miaka mingi na kurudi na Kiswahili kitamu kuliko changu. Jioni walikunywa kahawa pamoja wakichokozana.

"Bwana Shee, miti yako italiwa na mchwa."

"Mchwa wa kula mkoko hajazaliwa, Yakubu. Unga wako wewe ukilowa unageuka jiwe ndani ya gunia."

"Hapo ndipo uzuri wake, bwana! Wako ukilowa unageuka nini?"

Baba alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mama, aliyekuwa nyuma ya pazia, hakucheka.

Mwaka ule msikiti wa mtaa ulikuwa umezidiwa. Mji ulikuwa unajaa wageni, na siku ya Ijumaa nusu ya watu walisali nje juani. Wazee wakaamua kuujenga upya, ukumbi mmoja mpana wenye dari ya simiti, bila nguzo hata moja katikati. Lakini dari ya namna hiyo hakuna aliyewahi kuiona, wakaogopa. Wakamwendea Baba. "Wewe ndiye unayejua dari," wakamwambia. "Tuangalie kazi. Ukisema ni salama, tutaingia." Baba akakubali.

Usiku ule tulikaa kula. Mama alisema jambo ambalo hata mimi mtoto wa miaka minane nililielewa: msikiti ukikubali simiti, nyumba zote zitafuata, na nani tena atanunua boriti? "Usiseme ni mbovu," alimsihi. "Sema tu hujui. Kwani wewe ni fundi wa simiti? Kusema hujui si uongo."

Baba alimega mkate, akaurudisha sahanini.

Dari ilipomwagwa, ilinyweshwa maji kila siku ili ikauke polepole isipasuke. Kila alasiri Baba alipanda ngazi, nami nikimfuata na kopo la maji. Aliigonga kwa jiwe, akalaza sikio pale kama anavyolaza mtu sikio kifuani mwa mgonjwa. Mwanzoni alikunja uso, maana hakuijua lugha yake. Baada ya siku nyingi nikaona uso umekunjuka, na huko kukunjuka kukaniogopesha.

Salma, binti wa Yakubu, alinikuta kwa muuza maji. "Baba yako muuza kuni!" alinipigia kelele mbele ya watoto wote. "Mama anasema boriti zenu sasa ni za kuchomea samaki!"

Nikamjibu bila kufikiri: "Na dari ya baba yako itawaangukia! Baba kaigonga, ikalia kama mtungi mtupu. Kasema mwenyewe!"

Hakusema. Lakini neno langu lilivuka mtaa mbio kuliko punda wa maji. Alhamisi lilirudi nyumbani kwetu limevaa nguo mpya: dari ilikuwa imepasuka kutoka kibla hadi mlangoni, na njiwa aliyetua juu yake alikuwa ametumbukia ndani. Muuza maji ndiye aliyetuhadithia, akimpa Baba pole na heko kwa pamoja. Mama alimtazama Baba kwa macho yenye matumaini. Baba alinitazama mimi. Mimi nilimtazama punda.

Ijumaa nilisimama mlangoni mwa msikiti mpya nimeshika makubadhi ya Baba. Ndani kulikuwa na nafasi ambayo sikuwahi kuiona chini ya dari yoyote. Wanaume walikuwa wameingia, ndiyo, lakini wote walijibana kwenye kuta, upande huu na upande ule, kama watu waliokimbilia barazani mvua ikinyesha. Hata Yakubu, mwenye simiti yake, alikuwa ameegemea ukuta akijifanya anatafuta kitu mfukoni. Baada ya hutuba imamu akageuka. "Jazeni safu, Mungu awarehemu," akasema. Nyuma yake palikuwa na mkeka mtupu. Mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Bwana Shee amesemaje?"

Nilimtafuta Baba kwa macho. Naye alikuwa ukutani, mabega yameligusa jiwe. Nikawaza, haya, sasa anyamaze tu. Akinyamaza, tumepona. Moyo wangu ulimwomba Mungu jambo hilo, ndani ya nyumba ya Mungu.

Baba akauacha ukuta. Alitembea polepole hadi nyuma ya imamu, katikati ya ule mkeka mtupu, mbali na kuta za pande zote mbili. Akainua uso akaitazama dari, kisha akawatazama watu.

"Mliyoyasikia sikuyasema mimi. Nimeigonga siku zote hizi," alisema. "Nzima."

Kisha akaelekea kibla. Wa kwanza kumfuata alikuwa Yakubu, ameinamisha shingo kama mtu aliyebeba mayai kichwani. Baada yake safu zikajaa mpaka mlangoni, nikasukumwa nje nikiwa na makubadhi ya Baba mkononi.

Walipotoka, Baba alivaa taratibu. "Neno uliloniwekea kinywani, mwanangu, nimelitema," aliniambia. "Usiniwekee tena." Hakulitaja tena jambo hilo mpaka nilipokuwa mtu mzima, na Mama hakuambiwa nani aliyelianzisha.

Mama hakukosea. Boriti zilipungua, kisha zikakoma. Zilizobaki ufukoni Baba aliwapa watu wajengee mazizi ya mbuzi, akaenda kulinda ghala la Yakubu. Hori ikachimbwa kwa mashine ili meli kubwa ziingie, daraja likajengwa, umeme ukaja, minara ya upepo ikazibwa. Na kwa miaka kadhaa hakuna aliyehamia nyumba ya simiti mtaani kwetu kabla Baba hajaitwa asimame katikati ya chumba kikubwa na kusali rakaa mbili. Malipo yake yalikuwa kahawa. Mimi nilikwenda naye mara nyingi nikiwa na hasira kimyakimya. Niliona anawafungulia watu milango huku anaifunga yetu. Nilidhani pia kwamba yote hayo yalikuwa kosa langu: kwamba nisingesema uongo, asingelazimika kusimama.

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari nimeolewa na kuhamia huku Kanada, nilikwenda kumwona. Alikuwa akiishi ghorofa ya tisa, hewa baridi ikitoka ukutani, na sebule yake ilikuwa pana kuliko msikiti wetu wa kwanza. Nilijikaza nikamuuliza.

"Baba, siku ile ya msikiti uliogopa?"

"Sana."

"Lakini dari ulikuwa umeshaijua."

"Dari?" Alicheka kidogo. "Dari sikuiogopa, mwanangu. Mgongo wangu ulikuwa ukutani, na ukuta ulikuwa mzuri. Hata usingesema neno, mimi ningekuwa pale pale. Niliogopa nitabaki hapo nimenyamaza."

Tumeamrishwa kushuhudia haki hata ikiwa juu ya nafsi zetu. Nilikuwa nimeihifadhi aya hiyo katika chuo cha Kurani kabla ya Ijumaa ile, naisoma bila kukosea hata irabu. Hapa Toronto nimewafundisha watoto wa watu miaka mingi, Alhamdulillahi, na kila tukifika hapo mimi husita kidogo. Watoto hutazamana, wanadhani Bibi amesahau. Sijasahau. Namtazama Baba akiuacha ukuta.