Mbao Hazikuulizwa

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka kuliko nyingi zilizokuja baada yake. Ilikuwa miaka ile watu wa ng'ambo walipovuka ziwa kukimbia vita, maboti yakitua ufukweni yamejaa magodoro, masufuria na watoto wasiojua wanakopelekwa. Kigoma yetu ilibeba huzuni ya wageni na shughuli zake yenyewe kwa pamoja, maana hata vita ikiwa jirani, vijana hawaachi kuwa vijana.

Nimeikumbuka kwa sababu umeniambia kwamba siku hizi mnaibadilisha kompyuta ya injini kwa laptop tu, bila kufungua hata skrubu moja, ili gari liende mbio zaidi siku ya mashindano. Usidhani bibi yako anataka kukukataza. Kazi hiyo niliifanya kabla hujazaliwa, kwa mikono hii unayoiona inatetemeka na kikombe cha chai.

Baba alituachia gereji pale Mwanga, mimi na kaka yangu Yusufu. Yeye alishika injini, mimi nikashika nyaya. "Mtoto wa kike na waya wapi na wapi," wateja walisema, kisha wakaniletea magari yao.

Yusufu alikuwa na gari dogo la turbo, alilopewa na tajiri mmoja wa dagaa baada ya tajiri mwenyewe kupinduka nalo na kuliogopa. Vijana wenye magari walikuwa wamesawazisha kiwanja cha vumbi nje ya mji, wakapanga mapipa yawe kona, wakakubaliana kwamba Jumapili kila gari litakimbia peke yake na kupimwa kwa saa. Yusufu aliingoja Jumapili ile kama mtu aliyefunga anavyoingoja magharibi.

Rafiki yake akamletea chipu kutoka Dar es Salaam, imeandikwa upya na fundi wa huko. Ubongo wa injini, ambao mafundi tunauita kontroli boksi, ndio unaoamua mafuta yaingie kiasi gani, cheche ipige lini na turbo isukume hewa mpaka wapi. Chipu ile, inayobeba maagizo ya ubongo huo, ilisogeza mipaka yote mbele. Nilifungua boksi, nikayeyusha lehemu mguu mmoja wa chipu baada ya mwingine, nikaitoa ya zamani na kuipachika mpya. Gari lilipowaka na Yusufu akakanyaga mafuta, gereji nzima ilipiga makofi. Sitakudanganya, mwanangu, nilijiona.

Tukaenda kulijaribu barabara ya Ujiji. Lilikuwa na nguvu ya kukubandika kwenye kiti. Lakini mteremkoni Yusufu alipofunga breki, pedali ilizama kama mguu kwenye tope, gari likavuta upande, likasimama hatua chache tu kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa na beseni kichwani.  Yule mama alitutazama tu, akavuka. Yusufu alicheka kicheko kikavu.

"Kaka, breki hizi hazifai."

"Pale kiwanjani nitaachia mafuta mapema. Usiniharibie siku, Mwamini."

Tuliporudi, vijana walimzunguka wakimwita bingwa. Nikanyamaza. Nani angetaka kusikia habari za breki?

Pembeni ya gereji alikuwa amekaa Mzee Lukumba. Alikuwa Mbembe kutoka ng'ambo ya ziwa, dereva wa lori huko kwao kabla ya vita. Alipewa kibali cha kutoka kambi ya wakimbizi aje atibiwe macho, akafikia kwa ndugu zake jirani nasi. Kutwa alikuja kukaa gerejini, kwa kuwa alipenda kusikia injini. Akaniita.

"Mutoto wangu, hii gari sasa ina nguvu. Na breki, nani ameziuliza?"

"Mzee, hazifai. Lakini vipuri vinakuja kwa treni kutoka Dar, na mashindano ni keshokutwa."

"Kwa hiyo unajua."

"Najua, Mzee."

Aligeuza macho yake yenye ukungu kuelekea ziwani. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo bila msaada:

"Boti letu lilikuwa la mashine moja. Vita ilipokaribia, mwenye boti akafunga ya pili, ili tuvuke upesi. Watu wakashangilia. Wamama wakamwombea baraka. Mimi nilikaa nyuma, nikaona mbao zinavyopumua kila mashine zikivuma. Nilijua. Nikasema moyoni, nani atanisikiliza katika shangwe hii? Mashine ziliulizwa kama zina mafuta. Mbao hazikuulizwa. Tulifika wachache. Binti yangu Riziki hakufika."

Nikaweka spana chini. 

"Vyaelea vimeundwa," akamalizia. "Aliyeunda alipima. Ukiongeza mahali pamoja, ongeza na pengine."

Asubuhi ya pili nilimkuta Yusufu analifuta gari vumbi, wenzake wamemzunguka.

"Kaka, narudisha chipu ya zamani. Breki zikifika, hii nitaiweka tena siku hiyo hiyo."

Wakacheka. Mmoja akasema nimetiwa woga na mkimbizi. Yusufu hakucheka.

"Gari ni langu, Mwamini."

"Gari ni lako, lakini kazi ni yangu. Siwezi kuiacha ndani ya gari lisilosimama, na watoto watakaa kando ya yale mapipa."

Angeweza kunisukuma. Alitupa funguo mchangani, akaondoka. Nikafanya kazi yangu peke yangu, machozi yakidondoka juu ya nyaya.

Jumapili Yusufu alikimbia na gari lake la kawaida, akawa wa mwisho. Hakuna aliyeumia siku ile. Kijana mwingine, ambaye breki zake sikuzijua, alishinda salama na kubebwa mabegani. Ningependa kukuambia kwamba jambo fulani lilitokea likaonyesha kuwa nilikuwa sahihi. Halikutokea. Watu walimcheka kaka yangu mpaka sokoni.

Akahamia Kibirizi kutengeneza mashine za boti. Gari akaliuza. Tukikutana njiani alinipita kama mtu anavyopita nguzo ya umeme. Mzee Lukumba alirudi kambini, na baadaye, amani ilipopatikana, nikasikia amerudi kwao ng'ambo. Sikupata kumweleza nilichofanya.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia, na hakuna guu lililovunjika, basi hakuna aliyeona sababu ya kunishukuru. Ndivyo ilivyo, mwanangu. Ajali iliyozuiwa haina kaburi la kuonyesha. Mara nyingi nimejiuliza kama nilimnyima kaka yangu furaha yake bure. Nikikumbuka yule mama wa beseni, moyo hutulia kidogo.

Miaka ikapita mingi. Asubuhi moja Yusufu aliingia gerejini na mvi zake, anasukuma pikipiki aliyomnunulia mwanawe wa kwanza. Hakuuliza habari za nyumbani. Aliniambia tu, "Mwamini, anza na breki."

Nikachukua spana. Tulifanya kazi mpaka adhuhuri bila kuzungumza jambo jingine. Tulipomaliza, alininawisha mikono kwa maji ya birika, kama alivyokuwa akifanya baba.

Basi nakuusia, mwanangu. Mbio si dhambi. Kompyuta hiyo ifungue, ijue, ibadilishe kama umefundishwa ukafundishika. Lakini kabla hujaongeza nguvu, uliza kitakachoibeba na kitakachoisimamisha, iwe ni gari, iwe ni biashara, iwe ni hasira yako mwenyewe. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Na siku utakapojua jambo ambalo wanaoshangilia hawalijui, liseme. Liseme hata kama sauti inatetemeka. Usingoje msiba uje kukushuhudia, na wala usidai shukrani.

Mungu akupe mkono mwepesi na moyo mzito. Akufikishe kila uendako, na waliokaa kando ya njia yako warudi makwao wazima. Amina.