Mtungi wa Kushoto kwa Mlango

Ilianza Jumanne, saa tisa alasiri, vita vya Maji Maji vilipokuwa vimetulia huku Newala. Najua mtasema niliota. Nani huota amesimama, juani, katikati ya watu?

Askari wa Mjerumani walikuwa wamechukua mitungi yetu yote, ya maji na ya mtama. Siku hiyo waliipanga mitupu uani mwa boma, tukaambiwa kila nyumba ichague mmoja, mara moja tu. Mama alikuwa na jeraha mguuni, akanituma mimi, mimi ninayeona haya hata kujibu darasani misheni. Huku juu maji twayafuata bondeni, kushuka na kupanda. Bila mtungi tungeyatia wapi?

Niaminini, sikuutambua. Mtungi niliouchotea maji tangu utoto! Yote ilikuwa myekundu, yenye matumbo yale yale. Askari akacheka: "We binti, sauti huna, na macho pia huna?"

Kando yangu alisimama bibi mmoja mrefu, ndonya, kile kipini cha mpingo, kwenye mdomo wa juu kama wazee wote wa Kimakonde. Sikumjua. Akasema, "Usiutafute hapa. Funga macho, ingia kwenu. Uko wapi?"

"Kushoto kwa mlango. Juu yake tumetundika kata ya kuchotea."

"Na kata ikiponyoka?"

Nikausikia ule mlio. Kata hugonga mdomo wa mtungi, kwa ndani, upande wa ukutani! Nikapita nikipapasa midomo. Wa kumi na moja ulikuwa na pengo pale pale, kwa ndani. Nikasema kwa nguvu, watu wote wakisikia: "Huu wetu! Tia kidole hapa." Askari akatia, akanisogezea mtungi. Nikageuka kumshukuru yule bibi. Hayupo.

Niliubeba kichwani, nikapita kijiji kizima wanione. Nikauweka mahali pake. Nilipotazama mkeka mtupu ulio kando yake, uso wa yule mgeni ukaja ukakaa pale. Bibi yangu! Tulimzika kabla ya vita. Miguu yake ilikuwa imepooza. Tangu nizaliwe sikuwahi kumwona ila ameketi kwenye mkeka ule. Amesimama wima bomani, ningemjuaje?

Nikamweleza mama. Hakushangaa. Aliuliza tu, "Ulimwamkia?"

Sikumwamkia. Hata leo swali hilo linaniuma. Basi nawe ukimkuta mzee usiyemjua, mahali popote, usingoje kumtambua. Mwamkie kwanza.

Asubuhi yake nilishuka bondeni, nikaujaza mtungi, nikapanda nao. Kata ya kwanza niliimimina kaburini. "Shikamoo, bibi," nikasema, kwa sauti ile ile ya bomani.