Mshumaa wa Beda

Aurelia, jirani yangu wa Msamala, Songea, alikuwa muuza mitumba mwenye mdomo hasa. Miaka ile ya ruksa kila mtu alijigeuza mfanyabiashara, na Beda, mwanawe wa pekee, naye akashuka pwani kutafuta samaki wakavu. Mashua aliyopanda ikapinduka Mikindani. Mwili haukuonekana.

Tangu hapo, kila siku ya Marehemu Wote, sisi tukienda makaburini na mishumaa, yeye alibaki ndani. "Mwanangu yuko gizani," aliniambia, "nami sina pa kumwashia." Iliniuma, jamani! Mwishowe akasema atampelekea mshumaa huko huko baharini. Nikamsindikiza, mimi ambaye maji nayajua ya ndoo tu.

Mikindani tulimpata Salum, Myao wa Tunduru, aliyewatembeza wageni ghubani usiku kwa vijitumbwi vya plastiki, vinaitwa kayaki. Tulipomweleza shida yetu aliweka kasia lake chini.

"Innalillahi. Twendeni, mama zangu. Bahati nzuri leo hakuna mwezi."

Alitufunga maboya vifuani, akatukalisha kwenye kayaki moja, akaikokota kwa kamba nyuma ya yake. Nikafumba macho, nikasali rozari kwa sauti.

"Punguza kelele, Mungu si kiziwi!" Aurelia akanifokea, macho kwenye mshumaa wake.

Katikati ya ghuba Salum akaacha kupiga kasia. Aurelia akawasha kiberiti, upepo ukakizima. Akawasha tena, ukakizima. Njiti zilizobaki zikalowa. Hapo akaangua kilio. "Hata hapa, Beda! Hata hapa nimeshindwa!"

"Mama," Salum akasema taratibu, "tia mkono majini. Koroga."

Akakoroga. Yesu na Maria! Maji yakawaka. Mwanga wa buluu ulimzunguka vidole, ukamchuruzika kiganjani. Nikapiga kasia, nako kukawaka. Samaki akapita chini yetu akiacha njia inayong'aa. Mwili ulinisisimka, hata woga nikausahau. Salum akaeleza kwamba ni vijidudu vidogo mno. Vikiguswa vinatoa mwanga.

"Viko hapa siku zote?" Aurelia akauliza.

"Tangu mimi nije, mama, sijaona vikikosekana."

Aurelia akainamia maji. "Kumbe wewe unawashiwa huku," akamwambia mwanawe, "na mimi nakaa Songea nakulilia giza!" Akacheka huku machozi yanamtoka, kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu msiba.

Salum akashika kamba aturudishe.

"Ngoja kwanza, baba," Aurelia akamwambia. "Twende na kule. Kule nako hatujamwashia."