Mgongoni kwa Balozi

Stori hii hainipi sifa. Ukiimaliza utasema huyu jamaa ni bwege, na mimi sitabisha.

Ilikuwa ule uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, nikiwa kijana hapa Mpanda, mtaa wa Majengo. Miguu yangu ilikufa kwa polio nikiwa mtoto, kwa hiyo natembea kwa mikono, malapa nimeyavaa viganjani. Kazi yangu kutengeneza redio. Redio ndiyo ilinifundisha kwamba kura ni siri, na kilema naye ni mpiga kura. Basi nikajipa ualimu. Nikawatafuta vipofu na viwete wenzangu, nikawaeleza kila chama kinasema nini na alama inawekwaje.

"Mtu akilazimisha kukusaidia," nikawaambia, "mwambie niache. Hatakumeza."

Aliyenitoa jasho ni bibi mmoja jirani, kipofu, msuka mikeka. Maswali yake yalinifanya kila mara nijibu, "Ngoja nikasikilize redioni."

Lakini mtaa uliogopa. Tulikuwa tumewaona waliokimbia vita ng'ambo ya ziwa, na watu wakasema vyama vingi ndiyo vita yenyewe inakuja. Balozi wetu wa nyumba kumi, mtu wa chama tawala, naye alikuwa akipita mlango kwa mlango, hacheki: "Tutajuana tu." Ukimuudhi yule, siku unataka barua ya hospitali au mahindi ya msaada, utazungushwa mpaka ukome. Na kura yangu haikuwa inaenda anakotaka yeye.

Siku yenyewe nikafika shuleni. Darasa la kupigia kura lina ngazi. Sijaweka hata kiganja, nikahisi nanyanyuliwa.

"Mpisheni mlemavu wangu!"

Balozi! Kanipachika mgongoni kama mtoto. Kwetu ukimbeba kiwete humuulizi, ni wema, na watu wanakushukuru. Hata msimamizi alitabasamu, akanipa karatasi huko huko juu. Balozi akaingia na mimi kwenye kibanda cha kupigia kura.

"Haya kijana, weka." Shingo kaigeuza, macho kwenye karatasi yangu.

Niache. Si mwalimu ni mimi? Neno halikutoka. Mdomo huu unaotania hata polisi ulikauka kabisa. Moyo ulikuwa unadunda kwenye uti wake wa mgongo, na najua aliusikia. Kichwani nikamwona mama yangu anaumwa, anazungushwa barua. Kalamu ikawa inateleza kwa jasho.

"Weka basi, watu wanasubiri."

"Balozi," nikanong'ona, "nishushe. Mkojo."

"Nini?"

"Unakuja. Siuwezi."

Sijawahi kuona mtu anatua mzigo haraka vile. Aliruka mpaka mlangoni, anajipapasa shati: "Ananikojolea huyu!" Foleni nzima ikaangua kicheko. Mimi nikaweka alama yangu pale pale sakafuni, karatasi iko kwenye goti. Nikajikokota, nikatumbukiza, nikatoka.

Nje ndiyo hofu ikapanda sawasawa. Bibi alikuwa anafuata, ameshikwa mkono na binti yake. Balozi akamsogelea. Wakasimama pale mlangoni wanasemezana, sikusikia neno. Kisha Balozi akarudi peke yake, akanipita bila kunitazama.

Bibi alitoka kidole kina wino. Akaniulizia, binti akamleta.

"Mbona unahema kama mbwa?"

"Bibi, amekwambia nini yule?"

"Ametaka kuniwekea alama. Nikamwambia niache, naingia na binti yangu."

"Hukuogopa?"

"Nimeogopa kukushinda wewe. Sasa ulitaka na mimi niseme nimebanwa? Mwalimu, wangetufukuza wote!"