Kamba ya Gatini

Juzi niliona vijana wakifunga kamba ufukweni, watu wasiyasogelee mashindano ya mitumbwi. Nikachoka ghafla, nikarudi nyumbani.

Enzi za Mjerumani, nikiwa mtoto, mtumbwi wetu wa Rumonge ulishindana na wa Kabezi kwenye Ziwa Tanganyika. Askari aliwajaza watazamaji kwenye gati la magogo, akafunga kamba nyuma yao wasirudi nchi kavu wakamzibia bwana mkubwa Mjerumani aliyekaa ufukweni. Gati lilipovunjika, waliokimbilia nchi kavu walinasa kwenye kamba. Mjomba Sefu alifia hapo.

Siku ya tatu ya matanga, nyumba ilinuka mawese ya moto na ndagala, dagaa wa ziwa letu. Mashabiki wa pande zote mbili walikaa barazani kwetu, kila upande na mkeka wake.

"Ngoma zenu ndizo zilizowatia watu wazimu," alisema mzee mmoja wa Kabezi.

"Na nyinyi ndio mliosukumana," fundi wetu wa mitumbwi akamjibu.

"Lakini ile kamba," baba alianza.

Askari yule akapita njiani, buti zikilia kwenye changarawe. Wote wakainamisha vichwa. Nilidhani wanamwombea mjomba, nikainamisha changu.

Alipokwisha kupita, hakuna aliyeitaja kamba tena. Kufikia alasiri walikuwa wameelewana, wakala sahani moja.

Nilikimbilia jikoni kumpa mama habari njema.

"Mama, wamepatana."

"Wamesema kosa ni la nani?"

"La mjomba. Alisimama pabaya."

Mama hakugeuka. Aliendelea kukoroga chungu cha matanga ya kaka yake.